Kati ya Kunuka na Kunukia

Ukimwamkia, Bibi Afya alivuta kwanza pumzi fupi ya puani, kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo akaitikia. "Marahaba. Umepita kwa muuza chipsi." Au: "Marahaba. Kwenu leo mmeanika godoro." Siku niliyorudi kutoka kwenye usaili wa kazi ambao sikutaka kumsimulia mtu, alinitazama juu ya miwani yake na kusema, "Marahaba, mwanangu. Hilo ni jasho la woga, si la jua. Kaoge, uje tupande mnafu."

Jina lake lilikuwa kwenye bili ya maji na kwenye kadi ya kanisa, na huko ndiko lilikobaki. Kwetu Buza alikuwa Bibi Afya, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa afya wa kata: yule mwanamke wa koti la kaki anayebisha hodi mara moja, anaingia uani kabla hujajibu, anafunua pipa lako la maji, anachungulia choo chako, kisha anakaa kwenye kigoda chako mwenyewe na kukuandikia notisi. Siku saba uwe umesafisha. Mama yangu aliwahi kuandikiwa mbili. Ya pili aliikunja akaiweka kabatini, na hadi leo imo humo, chini ya sahani za wageni.

Basi mwanamke huyu alipostaafu, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kurundika taka uani kwake.

Watu walikuja kuchungulia kutoka mitaa miwili. Maganda ya ndizi, majivu, mbolea ya kuku, majani makavu aliyoyafagia mwenyewe kwenye uwanja wa kanisa, vyote tabaka juu ya tabaka, kimo cha kiuno. Mama Zuwena, jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa Lindi mwenye ulimi mwepesi, alisimama penye uzio mikono kiunoni.

"Bibi Afya! Na wewe sasa nani atakuandikia notisi?"

"Ninajikagua mwenyewe."

"Na umejikuta na hatia?"

"Uchunguzi bado unaendelea," alijibu, akalichoma rundo kwa uma wa bustani, akaendelea kugeuza.

Alikuwa na imani moja kubwa, na imani hiyo ilikaa ndani ya neno. Kitu hunuka, alikuwa akisema, au hunukia. Herufi moja tu imeongezeka, lakini ndani ya herufi hiyo kuna wiki nane za kazi. "Kinyesi kinakuja kinanuka. Hilo si kosa lake, ndivyo kilivyo. Mie nakaa nacho, nakipa majani makavu, nakipa maji, nakigeuza kipate hewa, mpaka siku moja unakishika mkononi na kinanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Hapo ndipo nakiruhusu kuingia bustanini. Ukikiingiza mapema kitakuunguzia mchicha, na utasema mbolea ya asili haifai, kumbe wewe ndiye huna subira."

Kipimo chake kilikuwa kile kile kila mara. Alichukua konzi moja kutoka katikati ya rundo, akaiminya ngumi, akaifungua, akaileta usoni na kufumba macho. Sisi wengine tulisubiri. Kulikuwa na majibu mawili tu. Akisema "bado," ulirudi kwenye uma. Akisema "safi," ulileta karai.

Alikuwa na vyombo vingine pia. Alichomeka nondo katikati ya rundo, akaichomoa baada ya muda na kuigusa. Ikiwa ya moto, wadudu wadogo wasioonekana wako kazini. Alikuwa na pipa alimoloweka samadi ndani ya kiroba kama mtu anayeloweka majani ya chai, na maji yake aliyazimua mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi ndipo akamwagilia. Lakini nondo na rangi vilikuwa mashahidi tu. Hukumu ilitolewa na pua.

Nilianza kumfuata nilipomaliza chuo na kukaa nyumbani nikisubiri kazi ambayo haikuwa na haraka nami. Nilikuwa na aibu ya kuonekana mtaani saa nne asubuhi, na uani kwake hapakuonekana kutoka barabarani. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, niiseme ilivyo. Sababu nyingine zilikuja baadaye, kupitia mikono.

Tulikwenda pamoja Vingunguti, machinjioni, ambako walimpa bure yale majani yaliyosagika nusu yanayotoka matumboni mwa ng'ombe. Vijana wa pale walimjua. Walimwamkia kwa sauti ya juu na kumchagulia yasiyo na damu nyingi. Yeye alitembea katikati ya ile harufu iliyonifanya nishike kuta, akiwa na buti zake za mpira na kipochi chake cha kanisani begani, akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika ufukweni. "Hapa pana nguvu," aliniambia. "Usitapike. Sikiliza. Chini ya uchachu kuna majani mabichi. Umeyapata?" Siku ya tatu niliyapata. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia matokeo ya mtihani.

Kutoka huko tulipitia Keko kwa mafundi samani. Fundi mmoja mnene mwenye penseli sikioni alimtengea maranda ya mninga na mkongo, ya mbao tupu zisizopakwa kitu. Mengine aliyachanganya kwenye rundo, na mengine aliyatandaza juu ya matuta kuzuia jua lisinyonye unyevu. Kabla ya kupakia, kila kiroba kilifunguliwa, na kila kiroba kiliingizwa uso. Fundi alikuwa akicheka. "Bibi, hawa wengine wananunua kitanda bila kukikagua, wewe unakagua vumbi!" Naye alimjibu kutoka ndani ya kiroba, sauti ikiwa imezibwa, "Kitanda hakiliwi."

Msidhani alikuwa mtu wa jambo moja. Huyo huyo aliyeapa kwa majivu na mwarobaini, na aliyemfukuza uani muuza dawa za kupulizia mboga kama anavyofukuzwa mwizi, alikuwa na kopo la dawa ya mbu ukubwa wa chupa ya mafuta, na kila jioni alipuliza chumba chake mpaka mijusi inahama. Sebuleni kwake kulikuwa na maua ya plastiki. Mengi. Mawaridi mekundu juu ya televisheni, mengine ya rangi ya zambarau kwenye kona, na utambaa wa kijani wa plastiki uliozunguka picha ya askofu. Kila Jumamosi aliyachovya kwenye sabuni ya unga na kuyaanika kwenye kamba, mita tatu kutoka kwenye maua yaliyokuwa hai.

"Kwa nini, Bibi?" nilimuuliza.

"Yale ya nje ni kazi," alisema. "Haya ni mapumziko."

Na yale ya nje yalikuwa kazi kweli. Zamani kati ya nyumba zetu tatu, kwake, kwetu na kwa Mama Zuwena, kulikuwa na uzio wa mabati yaliyooza. Bibi Afya aliwashawishi mama yangu na Mama Zuwena wayang'oe. Mahali pake alifunga nyaya kwenye nguzo na kupandisha mimea ya kutambaa: pasheni upande wa jua, madodoki katikati, na asumini karibu na dirisha la Mama Zuwena, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua kuyatunga na kuyavaa kichwani siku za harusi. Chini yake, pande zote, matuta ya mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu. Hapakuwa na mpaka tena, palikuwa na kijani tu, na humo ndani sauti za wanawake watatu wakijibizana bila kuonana.

Kuhusu mimea ya maua alikuwa mkali kuliko kwenye mboga. Mwaka wa kwanza pasheni ilipanda mpaka bati la jiko letu, majani mapana yanayong'aa, na haikutoa hata ua moja. Mama yangu aliisifia. Bibi Afya aliitazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayelelewa na wazazi wake, na mimi niliona kama nasemwa kidogo. "Huyu ameshiba mno. Ana sababu gani ya kuchanua? Kila akifumbua mdomo tumeshamtia samadi." Akaikatia samadi miezi miwili. Akaipa majivu na maganda ya ndizi yaliyooza, na maji kwa kipimo. Ikachanua. Yale maua ya pasheni, jinsi yalivyo, kama saa iliyofumwa kwa nyuzi nyeupe na zambarau, yalifunguka mchana mmoja yote pamoja, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wakaja wakinguruma, migongo imejaa unga wa njano. Alisimama chini yao mikono nyuma. Alivuta pumzi moja tu, akaingia ndani kuandaa chai.

Mboga zetu zilikuwa na jina. Lazima mtu awe ameishi Dar es Salaam ajue uzito wa hilo. Watu hapa hununua mchicha kwa mashaka. Wanauliza umemwagiliwa maji gani, umelimwa bonde gani, na ukijibu haraka mno hawakuamini. Mama Zuwena alikuwa na genge mbele ya nyumba yake, meza moja yenye turubai, na wateja wake waliuliza swali fupi: "Ni wa kwa Bibi Afya?" Naye alijibu, "Ameupitisha mwenyewe." Basi. Watoto wake wawili walikula na kusoma kwa meza ile. "Safi" ya Bibi Afya ndiyo iliyokuwa inauzwa pale.

Sasa nifike kwenye kiroba.

Ilikuwa baada ya masika, na Bibi Afya alikuwa ametoka kwenye mafua mabaya yaliyomlaza karibu wiki tatu. Alirudi bustanini amepungua lakini na amri zile zile. Tulikwenda Keko. Fundi wetu hakuwepo, alikuwa msibani, na fundi mwingine tusiyemjua alitujazia viroba vinne kutoka kona ya nyuma ya karakana. Nilisikia harufu kabla hajafungua. Ilikuwa dizeli, na chini ya dizeli kitu kikali kinachochoma koo: ile dawa ya mchwa wanayopaka mbao za kupaulia. Bibi Afya aliinama, akaingiza uso kwenye kiroba cha kwanza kama kawaida. Akafumba macho. Akakaa humo kwa muda wake ule ule.

"Safi," alisema.

Fundi alinitazama. Mimi nikamtazama fundi. Nilijiambia: anajua. Huyu ni mtu anayetenganisha jasho la woga na la jua. Kama anasema safi, basi kuna namna ya dizeli isiyodhuru ambayo mimi sijafundishwa. Na juu ya hilo, nimwambieje? Kuna sentensi ambazo kinywa cha mtu aliyelelewa kwetu hakizijui. "Bibi, hujasikia harufu" ni mojawapo.

Tulipakia kwenye guta la magurudumu matatu. Nyumbani, mama yangu alikuja kusaidia kushusha, akakunja pua, akanyamaza. Mama Zuwena alijifunika kwa ncha ya khanga mpaka machoni. "Ya leo kali," alisema, nusu kwa utani. "Imepita?"

"Imepita," alisema Bibi Afya.

"Haya, imepita." Naye, kwa kuwa alikuwa na oda ya shughuli ya watu wengi Ijumaa ile, akatandaza kwenye matuta yake viroba viwili vizima, kwa mikono yake, kwa unene na kwa imani. Kwetu tulitandaza kimoja. Cha mwisho Bibi Afya alikiweka kwenye mnafu wake.

Siku ya nne mchicha ulianza kuwa wa njano kuanzia kingo za majani. Siku ya sita ulikuwa umelala. Kwa Mama Zuwena hakikusalia kitu; tuta zima lilionekana kama limepitiwa na pasi ya mkaa. Ile oda ya Ijumaa ikapotea.

Bibi Afya alifanya ukaguzi. Alivaa koti lake la kaki, alilolitunza kwa siku kubwa. Alipita kila tuta, akachukua udongo, akaunusa, akafumba macho, akaumwaga. Ilikuwa jioni, wateja wamesimama gengeni wakichagua nyanya, na hapo hapo penye genge, karibu na bomba, kulikuwa na beseni la Mama Zuwena la kufulia.

"Umemwaga maji ya sabuni kwenye matuta," alisema.

Mama Zuwena alidhani ni utani. "Mie?"

"Haya ni majani yaliyounguzwa na sabuni. Nimekagua nyua za watu miaka mingi, naijua."

"Bibi Afya, mie na sabuni wapi na wapi? Maji ya kufulia namwaga shimoni, uliponionyesha mwenyewe!"

"Basi umesahau. Au umeona uvivu. Nimekwambia mara ngapi?"

Mteja mmoja alirudisha fungu la bamia mezani, taratibu, kama anayerudisha kitu cha watu. Mama Zuwena aliliona. Niliona alivyoliona. "Sawa," alisema, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake. "Wewe ni mkubwa. Umesema." Akaanza kukusanya mboga zake kabla ya wakati.

Nami nilisimama pale nikiwa na jibu mdomoni, nikalimeza.

Wiki hiyo genge halikufunguka. Upande wa pili wa maua ya pasheni kukawa kimya. Mama Zuwena alimwamkia Bibi Afya kwa adabu kila asubuhi, shikamoo kavu ya kulipa deni la umri, na hakuongeza neno. Watu walianza kusema mboga za pale zina kitu. Bibi Afya naye hakutetereka. Alitembea na uhakika wake wote, akigeuza rundo na kusema "safi" na "bado" kama zamani. Mimi nilitamani sana aseme "sijui" walau mara moja.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, nilipeleka viazi vitamu alivyoagiza mama. Nilisukuma mlango wa jikoni, na harufu ya gesi ikanipiga kifuani kama mkono. Bibi Afya alikuwa amekaa mezani anapembua mbegu za mnafu kwenye ungo, ametulia, miwani puani. Sufuria ya chai ilikuwa juu ya jiko. Mkononi alikuwa na kiberiti, na njiti ameshaitoa.

Sikumwamkia. Nilimrukia nikamnyang'anya. Viazi vilibiringika chini ya meza, na mbegu zikamwagika kama pilipili manga.

"Wewe!" Alisimama. "Unaninyang'anya kiberiti nyumbani kwangu?"

"Gesi, Bibi! Gesi!" Nilikuwa nimeshafunga mtungi na kufungua dirisha, na nikamvuta nje, namvuta kweli, kwa kiwiko, mtu aliyewahi kumwandikia mama yangu notisi.

Tulisimama uani. Alinitazama, akatazama mlango. Kisha akauliza kitu ambacho mtu wa kawaida hakiulizi.

"Inanuka?"

"Sana."

"Sana kama nini?"

Ndipo nilipoelewa. Alisoma usoni kwangu kwamba nimeelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitafuta mahali pa kukaa bila kupakagua. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Tangu masika," alisema. "Mafua yaliondoka, na pua nayo ikaondoka. Nikasema itarudi. Kila asubuhi naanza na kahawa. Naingiza uso kwenye kopo. Hakuna kitu, mwanangu. Kama kunusa ukuta."

Nyuki walikuwa wakinguruma juu yetu. Niliona akihesabu kurudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka akafika.

"Yale maranda."

"Yalikuwa na dizeli, Bibi. Na dawa ya mchwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama yako?"

"Naye."

"Mama Zuwena?"

"Alijifunika na khanga."

"Wanne, pamoja na fundi," alisema. "Watu wanne mna pua nzima, mkamwacha asiye na pua apitishe."

"Ulisema safi, Bibi."

Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Badala yake alisema, polepole, kama anayesoma maandishi madogo, "Nilimsingizia mama wa watu mbele ya wateja wake. Nilijua sinusi kitu kwenye udongo ule. Nikasema sabuni kwa sababu beseni lilikuwa karibu."

Hakuniomba nifiche. Wala hakulia, alikuwa na namna yake ya kubeba mambo, nayo ilikuwa ya kiofisi. Kesho yake asubuhi tulikuta karatasi imebandikwa kwenye geti lake, kwa mwandiko ule ule ulioko kabatini kwetu.

NOTISI. Kwa mwenye nyumba hii, yaani mimi. Imebainika kwamba pua ya mkaguzi imekufa tangu masika na mkaguzi ameficha. Imebainika kwamba maranda yenye sumu yalipitishwa kuwa safi. Imebainika kwamba Mama Zuwena hakumwaga sabuni na alisingiziwa hadharani. Mhusika anapewa siku saba kuondoa uchafu huu wote.

Chini yake akatia sahihi.

Hakuishia hapo. Jioni, saa ambayo watu hurudi makazini wakitafuta mboga ya usiku, alivaa koti lake, akaenda kusimama mbele ya meza tupu ya Mama Zuwena, akabisha hodi. Akabisha mara ya pili, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia baadaye. Mama Zuwena alipotoka, Bibi Afya aliirudia ile notisi kwa kichwa, kwa sauti, watu wamesimama. Alipofika kwenye "alisingiziwa" alivua miwani.

Mama Zuwena alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kifuani.

"Umeandika siku saba," alisema.

"Saba."

"Basi mie nitakujibu siku ya saba. Nione kwanza."

Watu wakaguna. Bibi Afya aliitikia kwa kichwa, na naapa alikuwa anafurahi. Mtu alikuwa ameshika utaratibu.

Siku saba hizo tulifanya kazi kama tunaochimba kisima. Aliondoa kwa koleo maranda yote na udongo wa juu wa matuta ya Mama Zuwena, kina cha kiganja, akaupeleka mbali na mboga. Akatoa rundo lake bora, lililokuwa na miezi mitatu, alilokuwa akilitunza kwa ajili ya pasheni, na lote akalipeleka upande wa pili. Nilimsukumia toroli. Alichoka, akakaa, akaamka. Siku ya saba Mama Zuwena alipita chini ya asumini, akainama juu ya tuta jipya, akachukua konzi, akaiminya, akaifungua, akaileta puani. Alifumba macho. Alimwiga kila kitu, mpaka kukaa kwake kimya. Bibi Afya alisubiri mikono nyuma, kama tulivyozoea kumsubiri yeye.

"Mie nasema bado," alisema Mama Zuwena. "Kuna kauchachu kwa mbali."

"Bado," aliitikia Bibi Afya, na akaandika kwenye daftari.

Wiki mbili baadaye Mama Zuwena alisema safi, akapanda mwenyewe, na genge likafunguka. Wateja hawakurudi siku moja. Walirudi kama mchicha unavyorudi, mmoja huku, mmoja kule.

Mimi nilipata kazi, nikahamia Kinondoni, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Miaka ikapita kwa namna inavyopita mjini. Nilituma salamu nyingi kuliko nilivyokwenda mwenyewe. Nilipokwenda mara hii ninayotaka kuisema, ilikuwa Jumamosi, mchana. Bibi Afya alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya bustani, fimbo magotini, miguu imevimba ndani ya ndala za wazi. Nyuma yake maua ya sebuleni yalikuwa yananing'inia kwenye kamba yakichuruzika maji.

"Shikamoo, Bibi Afya."

Hakuvuta pumzi kwanza. Aliitikia moja kwa moja, "Marahaba, mwanangu, karibu," na kuondoka kwa ile pumzi fupi kuliniuma kuliko ile fimbo.

Lakini nilikuwa nimefika katikati ya kikao. Walikuwapo Mama Zuwena, mama yangu, na msichana mpangaji mpya niliyekuwa simjui, mwenye nywele za kusuka nyekundu na simu iliyochomekwa kiunoni. Walizunguka rundo. Sasa hukumu ilitolewa na pua tatu, na yeye akiwa mwenyekiti. Hakuruhusu mtu aseme "vizuri" au "vibaya". Lazima useme kama nini.

"Mie napata kama chini ya mtungi wa maji," alisema Mama Zuwena.

"Mtungi mpya au wa zamani?"

"Wa zamani. Wa bibi yangu."

"Hiyo nzuri. Mama?"

Mama yangu alifikiri. "Kama uyoga."

"Nzuri. Na wewe, sista?"

Msichana alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Bibi, mie siwezi kukudanganya. Huku kwangu inanuka. Kama soksi za shemeji yangu akitoka mpirani."

Nilishtuka kwa niaba yao wote. Bibi Afya aliangua kicheko mpaka fimbo ikaanguka. "Shemeji yako nitamwandikia notisi! Upande gani, huo wa ukutani? Hapo maji hayajatoka. Mnaona? Ndiyo maana namtaka huyu." Kisha akanigeukia. "Nawe mgeni, pima. Pita katikati, hapo ambapo hawajafika."

Niliweka pochi chini. Nilichimba kwa mkono, nikaminya, nikafungua, nikaleta usoni. Harufu ilinipiga mara moja, nzito, ya samaki. Niliinua macho nikamwona alivyoinamisha shingo kusubiri, mzee, miguu imevimba, jua likiwa kwenye mvi zake, na nikahesabu kazi itakayofuata kama nitasema kweli: rundo zima kushushwa na kupandishwa upya. Alikuwa na furaha. Nilikuwa mgeni wa mchana mmoja.

"Iko vizuri, Bibi," nilisema. "Kama udongo."

Mama Zuwena alitazama pembeni. Bibi Afya hakukasirika. Aliweka kiganja nyuma ya sikio lake, akasogeza kichwa kwangu.

"Pua ndiyo iliyokufa, mwanangu," alisema. "Masikio ninayo. Sema tena."

Nilirudisha mkono kwenye rundo. Nikanusa mara ya pili, kwa muda wake ule, macho nimeyafumba, na nilipoyafumbua nilimtazama usoni.

"Inanuka, Bibi. Inanuka vibaya. Kama maji ya dagaa yaliyolala kwenye ndoo, siku mbili, kifuniko kimefungwa."

"Heee!" alisema yule msichana.

"Kifuniko kimefungwa," alirudia Bibi Afya, taratibu, akilionja neno baada ya neno. Uso wake ulifunguka. Aliifumba mikono yote miwili juu ya mkono wangu mchafu akaishikilia hapo, na kwa kitambo, naamini, alikuwa ameipata ile harufu. Kisha akaniegemea, nikamwinua kutoka kitini, na Mama Zuwena akanitupia uma.

"Vua viatu vyako vya Kinondoni," alisema Bibi Afya. "Tunaligeuza lote."